Kiti Alichokiacha Bakuza

Hadithi hii hunitia kichefuchefu kila ninapoisimulia. Leo naisimulia tena kwa sababu nahitaji hukumu yenu.

Kwenye kisima kimoja cha gesi huko Lindi walifanya kazi watu watatu wenye vipaji. Somoe aliuchora mwamba wa chini kabisa kwenye kompyuta, akaona gesi ilipolala na nguvu zake. Litunu alisoma vipande vya mawe vilivyopandishwa juu na matope ya kisima. Chilumba, mchorongaji, aliujua mtambo wa kutoboa ardhi kama mwili wake.

Mkurugenzi wao aliitwa Bakuza.

Somoe alimwendea na ramani. "Mkurugenzi, tukikaribia mita elfu tatu gesi italipuka juu. Nayo ni sumu."

Bakuza alikuwa akichokonoa meno. Akapangusa kijiti chake kwenye ile ramani. "Wageni wenye fedha wanakuja Ijumaa kuona gesi. Badilisha hizo namba."

Somoe akakataa. Bakuza akazibadilisha mwenyewe, kisha akaghushi sahihi ya Somoe. Ndipo dada huyo alipowapelekea wenzake ramani ya kweli kwa siri, akijua atafukuzwa.

Litunu akawa anakagua kila jiwe. Alhamisi, mita mia moja kabla ya pale ramani iliposema, akaona mawe yamebadilika na matope yananuka mayai viza. Akakimbilia mtamboni akipiga kelele: "Chilumba, imefika! Funga!"

"Endelea kuchoronga!" Bakuza akafoka redioni.

Chilumba akaitupa redio. Valvu ya kufungia kisima kwa mashine ilikwama, basi akaifunga kwa mikono, matope yenye uvundo yakimrukia usoni. Jicho lake moja halioni tena.

Watu themanini na sita walitoka hai. Wa kwanza kukimbia alikuwa Bakuza, na kesho yake aliwaambia waandishi wa habari, bila haya, "Niliamuru kisima kifungwe." Somoe alimsikia, akatema mate.

Lakini mitambo ya redio ilikuwa imerekodi kila neno. Bodi ya kampuni ikamfukuza Bakuza, ikataka mmoja wa wale watatu akalie kiti chake.

"Bila ramani tusingejua la kuogopa," walisema wafanyakazi waliomtaka Somoe.

"Ramani ilikosea kwa mita mia," walijibu waliomtaka Litunu.

"Na nani aliyefunga?" wakauliza waliomtaka Chilumba.

Wenyewe watatu wanakataa. Kiti kile kinawatia kinyaa. Lakini wasipokikalia, atakuja Bakuza mwingine.

Je, wewe ungemkalisha nani?