Mafuta ya Baraza la Bwana Shemhilu

Bwana Shemhilu alijenga baraza la mbao nje ya nyumba yake, katikati ya njia ya kisimani, akaweka na mlinzi. Tangu hapo wanawake walizunguka mlima mzima kuteka maji.

Kisha akamwita Bi Siyawezi, mjane aliyepaka rangi nyumba za watu.

"Nataka kitu kisichoshindwa na jua wala mvua," alisema.

"Rangi itababuka, bwana. Vanishi itabanduka masika ya kwanza. Nimeona ubao mmoja tu uliodumu, kizingiti cha msikiti wetu."

"Kimepakwa nini?"

"Mafuta ya nazi. Lakini mafuta hayo huzamishwa ubaoni na nyayo za watu waliotoka kutawadha, pekupeku, zimelowa maji, asubuhi na jioni. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, ndivyo alivyosema. Wewe nyayo hizo huna. Paka vanishi tu, kama walimu wanavyopaka vibaraza vyao."

"Unanilinganisha na walimu?"

"Sasa watu utawatoa wapi? Wanakijiji wamekununia. Hawatakubali."

"Watakubali. Kijiji hiki dawa yake naijua."

Mafuta yalipopakwa, mlinzi alisimama na fimbo, akiwalazimisha wanawake kupita barazani na ndoo zao, kwenda na kurudi. Walipita wakinung'unika, kama Bi Siyawezi alivyowafundisha.

Yeye alikuwa wa mwisho, ndoo kichwani, maji yakimchuruzika mpaka miguuni.

"Hata mimi, bwana? Miguu inaniuma."

"Hasa wewe," alisema Bwana Shemhilu. "Na jioni urudi."