Bati la Pili la Atuganile

Mwanamke mmoja wa Kyela, jina lake Atuganile, alikuwa na shamba la kakao na binti mmoja. Binti huyo, Tusekile, aliondoka nyumbani bila kuaga, akakaa miaka mitatu pasipo kutuma hata salamu. Siku aliporudi alipiga magoti mlangoni, akasema amekosa. Mama akamwinua, akampa maji ya kuoga, akampa chakula. Kwa hilo tumsifu, maana wengi wetu tungefunga mlango.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Atuganile alimpenda mwanawe, na alimwogopa. Akajiambia kwamba toba ya huyu bado mbichi, ngoja kwanza ikomae. Basi Tusekile akalala jikoni, akala baada ya watu wote, na ufunguo wa nyumba hakupewa. Kila siku mama alimrushia neno kali moja, aone kama ataweza kulistahimili. Macho ya binti yakilengwalengwa na machozi, mama husema moyoni, "Bado." Mwezi wa nane tangu arudi, binti hakulia tena. Mama alikaribia kufurahi, hadi alipouona mfuko wa nguo za binti umefungwa, umeegemezwa nyuma ya mlango wa jiko. Moyo ukampasuka.

Siku hiyo wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kumtembelea. Atuganile alikuwa amekaanga kakao yake mwenyewe, akaitwanga na sukari, akaiacha igande iwe chokoleti, akaikatakata vipande vidogo. Akavichanganya na unga, siagi na mayai, akapanga biskuti kwenye bati. Akaliweka bati ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Baada ya muda akafunua, akabonyeza kwa kidole. Laini. Akafunika. Akafunua tena, akabonyeza tena, na bado laini. Alizitoa zilipogoma kabisa kubonyea. Zilipopoa zilikuwa mawe, na chokoleti yake chungu. Aliwatupia kuku, nao wakadonoa mara moja, wakaenda zao.

Akaweka bati la pili. Akafunua, akabonyeza, laini, na mkono ukaanza kurudisha mfuniko. Tusekile alikuwa amechuchumaa hapo hapo akichochea makaa. Huko alikokwenda alikuwa akioka kila siku, ila nyumbani kwa mama yake hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, zitoe. Biskuti haikomai motoni, hukomaa ikishatolewa."

Atuganile akasimama na mfuniko mkononi, majivu yakimdondokea miguuni. Akaangalia bati. Akaangalia mfuko nyuma ya mlango. Kisha akalitoa bati, akaliweka dirishani, na wote wawili wakakaa kungoja bila kugusa kitu. Zilipopoa akainua moja. Ilijishikilia vizuri kiganjani, haikumeguka mpaka alipoimega yeye mwenyewe, na ndani chokoleti ilikuwa bado laini. Nusu akampa mwanawe. Ndipo akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo wa nyumba, akamfumbatisha Tusekile mkononi, na safari hii mama ndiye aliyelia.

Wazee walipobisha hodi, Tusekile ndiye aliyewafungulia. Walipoketi mezani, naye aliketi. Mfuko ulikuwa mtupu, umetundikwa msumarini.

Ndugu zangu, moto ulikuwa wa lazima, kwani hakuna aliyekula unga mbichi akashukuru. Lakini nyumbani kwako, au hapo kwenye benchi la nyuma la kanisa letu, ni nani aliyekwisha kuiva, nawe ungali unambonyeza kwa kidole na kurudisha mfuniko?