Ukoko wa Mwalimu Malekela

"Asiyeuliza walaji, ukoko ni wake." Mmeisikia leo kisimani, mkacheka, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Katika kijiji kimoja cha Upareni palikuwa na darasa la jioni la watu wazima. Kila mwanafunzi alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani. Mmoja wao alikuwa Naetwe, mjane mwenye wajukuu. Kila alipopiga magoti aliomba jambo moja: afaulu mtihani wa kusoma, asimame kanisani asome Zaburi kwa macho yake mwenyewe.

Mwalimu Malekela alikuwa mgeni, tena hodari wa kupanga. Somo, saa, nani akae wapi, vyote alipanga peke yake. Mwaka huo wa ukame akatangaza, "Ijumaa tunajifunza vipimo. Kila mmoja alete kibaba cha mchele. Tutapika na kula hapa hapa."

Naetwe akainua mkono. "Mwalimu, hiyo Ijumaa..."

"Shusha mkono, mama. Andalio la somo ni langu. Kazi yenu ni kufuata."

Akaushusha kwa hasira.

Ijumaa wakaja, wakapima, wakapika. Wali ulipoiva Mwalimu akasema, "Haya, kuleni!" Hakuna aliyesogea.

"Mnanigomea? Asiyekula hafanyi mtihani!"

Naetwe akaiona Zaburi yake ikimponyoka. Akamwomba Mungu amzuie asitukane, kisha akasimama.

"Mwalimu, tumefunga. Kijiji kizima, Waislamu na Wakristo, tunaomba mvua mpaka jua lizame. Mtihani nautaka, Mungu anajua. Lakini saumu yangu siiuzi."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Kwa mdomo upi?" akadakia mzee Senkondo, mwanafunzi mwenzake. "Huu uliouziba juzi?"

"Sisi si vifaranga wa kumwagiwa punje!" Naetwe akasema. "Tumelea watoto, tumezika wazazi. Unapanga mambo yetu kana kwamba hatumo humu ndani! Wali huu ni wetu. Utaliwa magharibi, nyumbani."

Akachota wali akajaza bakuli lake. Wenzake wakafuata, mpaka mwiko ukakwaruza chini. Wakabeba na vigoda vyao. Mwalimu akabaki katika chumba kitupu na sufuria ya ukoko mweusi.

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne vilevile. Jumatano Mwalimu akapiga hodi kwa Naetwe.

"Mama, nimekuja kuuliza. Mngependa tujifunze nini, na siku ipi?"

Naetwe hakumpa kiti. Hasira ilikuwa bado. "Ule ukoko uliufanyaje?"

"Niliula."

"Na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Na mtihani wangu?"

"Utaufanya. Nisamehe."

Naetwe akasogeza kigoda chake, kile kile cha darasani, akamwekea.

"Keti. Tutaanza na Zaburi. Siku yenyewe nitawauliza wenzangu, maana mimi nami sipangi peke yangu. Asiyeuliza walaji, Mwalimu, ukoko ni wake."