Profesa Aliyependa Kupingwa

Nta hung'aa na kunata vidoleni, lakini hakuna aliyeilamba akamwita mwenzake aje aonje. Ndivyo ilivyo elimu ya mtu asiyetenda anachokifundisha: inapendeza machoni, haishibishi.

Katika Chuo cha Hadlock, katikati ya mashamba ya mahindi ya Ohio, Profesa Everett Lindqvist alikuwa amefundisha historia kwa miaka ishirini na sita. Kila mwaka yeye ndiye aliyesimama katika kanisa la chuo kuwakaribisha wanafunzi wapya.

"Hapa hatuwapi kazi, tunawapa akili!" alinguruma. "Nipingeni! Mwenye hoja ndiye mkubwa, hata kama ndevu hazijamwota."

Vijana walishangilia kama waliofunga bao.

Hester Pruitt, binti wa mfugaji wa ng'ombe, aliyaamini maneno hayo moja kwa moja. Mwaka wa nne ulipofika, alimwomba profesa huyo amsimamie tasnifu, ambayo asiyeifaulu hahitimu. Alichagua kuandika juu ya mwanzilishi wa chuo. Lindqvist alikuwa na kitabu kizima kinachomsifu mwanzilishi huyo kwa kuwasomesha watoto wa maskini bila kudai chochote. Hester, katika kupekua barua kuukuu za maktaba, akawakuta watoto wale wale wakiwaandikia mama zao: walivunja mawe ya kujengea kanisa tangu alfajiri, thelujini, na asiyevunja hakuingia darasani.

"Utaiandika hiyo?" aliuliza Gwen, mwenzake wa chumba. "Shoga, unataka kuvaa joho au unataka kufa shujaa?"

"Si mwenyewe alisema tumpinge?"

"Alisema. Hata baba yangu huwaambia wageni wajisikie nyumbani, ila kiti chake hakikaliwi."

Hester akacheka, akaandika.

Siku ya kutetea tasnifu, mlango uliachwa wazi kama ilivyo desturi ya Hadlock; yeyote apitaye aliweza kuingia na kuuliza. Hester alisoma barua moja baada ya nyingine. Profesa Novak, mtahini wa pili, alitia sahihi ya kuipitisha papo hapo. Lindqvist alikuwa ameiva uso kama nyanya.

"Umekosa adabu ya utafiti," alisema.

"Barua ipi ni ya uongo, Profesa? Nionyeshe, niifute sasa hivi."

"Binti, barua hizo nilizisoma kabla hujazaliwa!"

 Bi Rourke, mpishi wa bwalo, aliyekuwa ameegemea mlango na aproni yake, akauliza taratibu, "Kumbe ulizisoma? Mbona kitabuni hazimo?"

 Lindqvist alikusanya makaratasi yake, akatoka bila kutia sahihi, na bila sahihi zote mbili tasnifu haikupita. Mwezi Mei, wenzake waliporusha kofia hewani, Hester alikuwa kwao akikamua ng'ombe, na machozi yakimdondoka ndooni.

Septemba alirudi kumalizia kazi ile ile, safari hii chini ya Profesa Novak. Ilikuwa wiki ambayo kila profesa hubandika karatasi mlangoni kwake, na wanafunzi wa mwaka wa nne huandika majina kwa msimamizi wamtakaye. Miaka yote karatasi ya Lindqvist ilijaa kabla ya kifungua kinywa. Siku ya tano Hester alimkuta Lindqvist amesimama mbele ya karatasi yake. Ilikuwa nyeupe pe.

"Wanafunzi wa siku hizi hawasomi," profesa alinung'unika.

"Wanasoma, Profesa," Hester alisema kwa upole. "Walisoma kitabu chako, kisha wakakusoma wewe."

 Mzee wa watu aliingia ofisini, akaketi katikati ya vitabu vilivyopanda hadi darini, akasikiliza vicheko vya vijana waliojazana mlangoni kwa Novak. Kwake hakuna aliyebisha hodi. Ama kweli, elimu bila amali ni kama nta bila asali.