Barua Mbili kwa Mzee Munyoki

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Methali hii huwahusu watu wenye nguvu wanaozozana, na wanyonge walio karibu nao wakaumia. Aghalabu hutajwa watawala. Lakini katika mtaa wa Mwakingali, mjini Voi, ilitimia juu ya kompyuta mbili za kuchezea gemu, na fahali wenyewe walikuwa vijana wema, marafiki chanda na pete tangu darasa la kwanza.

Morris alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha vijana cha kanisa, na Ngui katibu wake. Katika kikundi hicho alikuwamo Everlyne, binti wa kutoka kijijini Chawia aliyeishi kwa shangazi yake mjini, mpole kama maji ya mtungini. Alikuwa amejifundisha mwenyewe kutengeneza vibonzo vinavyotembea. Kampuni moja ya Mombasa iliiona michoro yake, ikampa jaribio: filamu ya dakika moja, ifike kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ikipendeza, kazi ni yake. Tatizo lilikuwa kipakatalishi cha kuazima alichokitumia. Kiliganda kila mara, hivi kwamba tembo wa filamu yake alikuwa amesimama wiki nzima na mguu mmoja hewani.

Ndipo neema ikabisha hodi. Mzee Munyoki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliahidi kukinunulia kikundi kompyuta ya gemu. Jumamosi vijana wangecheza ukumbini badala ya kuzurura stendi, na siku nyingine Everlyne angeitumia kwa michoro yake. Duka la mjini lilikuwa na mbili tu zilizofaa, zote za kiwango cha kati, bei ile ile.

"Nileteeni barua yenye jina la moja, na muhuri wa kikundi," mzee alisema. "Jumatatu nalipa."

Morris aliipenda nyeupe. Ilikuwa na ubavu wa kioo na taa zilizobadilika rangi kama kinyonga, na kadi yake ya picha ilikuwa na nguvu zaidi kidogo. Ngui aliipenda nyeusi, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa kubwa zaidi kidogo.

"Hiyo yako ni kama jeneza," Morris alimwambia kikaoni.

"Na yako ni harusi," Ngui akajibu. "Taa zote hizo, tutacheza gemu ama tutakata keki?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Everlyne naye alicheka, kisha akanyoosha mkono.

"Jamani, mimi nimeziangalia zote mbili. Yoyote ile itamfanya tembo wangu atembee. Tuchague tu."

"Usiweke mguu huku na mguu kule, dada," Morris alisema. "Sema nyeupe."

"Ama useme ukweli," akadakia Ngui.

Kura zikapigwa: nyeupe nane, nyeusi saba. Everlyne alishusha pumzi, akidhani mambo yamekwisha. Ngui akafungua rejista, akaipitishia kidole, akatangaza kwamba Sylus, aliyeipigia nyeupe, jina lake halimo, kwa hivyo kura yake si kura, na matokeo ni saba kwa saba. Morris akasema rejista huandikwa na katibu, na aliyelisahau jina ndiye huyo huyo anayelalamika. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kikao cha pili wafuasi wa Ngui hawakuja, idadi haikutimia. Cha tatu hawakuja wafuasi wa Morris.

Everlyne aliwaendea mmoja mmoja.

"Nakuonea huruma kwelikweli," Ngui alimwambia, akimmiminia chai. "Lakini nikikubali leo, kesho Morris atatuendesha kama punda."

"Kura ni kura, dadangu," Morris naye alisema, akimsogezea kikombe. "Ni kanuni tu. Wewe si ndiye uliyeipigia nyeupe?"

"Niliipigia iishe, Morris. Zimebaki siku tano."

Alirudi kwa shangazi yake na chai tumboni na mikono mitupu.

Jumatatu Mzee Munyoki aliwaita wote watatu dukani. Juu ya meza palikuwa na barua mbili. Ya Ngui iliitaja nyeusi na ilikuwa na muhuri wa kikundi. Ya Morris iliitaja nyeupe na ilikuwa na muhuri mpya, ambao mwenyekiti alikuwa ameuchongesha Jumamosi.

"Kikundi kimoja, barua mbili, mihuri miwili," mzee alisema taratibu. "Mkishindwa kulichagua sanduku, mtalitunzaje? Nimeagiza hema na viti mia moja. Viti vyote vinafanana, hamtakosana."

"Mzee, tafadhali," Everlyne alisema. "Hata moja, yoyote ile."

"Binti yangu, nimekwisha agiza."

Ijumaa Everlyne alituma alichokuwa nacho: michoro iliyosimama na maelezo ya kile ambacho kingetokea. Jibu halikukawia. Michoro ilikuwa mizuri, walimwandikia, lakini walihitaji kuiona ikitembea, na nafasi imepata mtu.

Hema lilifika Jumamosi iliyofuata. Morris na Ngui walilisimamisha pamoja uwanjani, kila mmoja na kamba yake, jasho likiwatiririka.

"Vuta, Katibu, ama ulikula ugali wa juzi?"

"Navuta, Mwenyekiti. Wewe angalia mlingoti usikuangukie, kichwa chenyewe unacho kimoja."

Walikuwa wamepatana. Everlyne, aliyekuwa akifuta viti vumbi, alifurahi kusikia vile vicheko, kwa sababu aliwapenda wote wawili.

"Everlyne," Ngui aliita, "ile filamu iliishia wapi? Tuwaonyeshe vijana hapa hapa chini ya hema."

"Haikwisha," alisema. "Kazi walimpa mwingine."

Kamba ikalegea mkononi mwa Ngui. Morris alimtazama rafiki yake, kisha akatazama chini.

"Tungechukua tu hiyo nyeupe," Ngui alisema kwa sauti ndogo.

"Ama nyeusi," akasema Morris.

Everlyne aliinama, akavuta kiti kingine, akaendelea kufuta. Kweli, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.