Pua ya Mtanikoma

Sogeeni karibu. Anayependa hadithi za kusameheana aende akaote moto kwingine, maana hii si yake.

Huko milima ya Upare palikuwa na ndugu watatu, watoto wa Mama Nakiete. Nanzia, kifungua mimba, alijaliwa macho: jambo ambalo wenzake walilipita kila siku, yeye aliliona mara moja. Mbazi, wa kati, alijaliwa mikono, akasomea udaktari wa wanyama. Kiangi, kitinda mimba, alijaliwa subira, na mtu wa subira hasifiwi mpaka siku anapohitajika. Mama yao alifuga mbwa aliyemwita Mtanikoma. Jina hilo alimpa makusudi, majirani walisikie kila anapomwita kula.

Adhuhuri moja, watoto wakiwa mbali na nyumbani, mtu aliichoma nyumba ya Mama Nakiete. Mama alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza kutoka. Mtanikoma alikutwa uani na kipande cha suruali mdomoni. Watoto wakakitia kipande kile ndani ya kopo, wakalifunga kwa mfuniko, wakamzika mama yao huku wameuma meno.

Sasa, watu wa kule wana bwawa la kumwagilia mashamba liitwalo ndiva. Masika yakiisha, kila mtu mzima huitwa kulisafisha, na kazi hiyo ya pamoja huitwa msaragambo. Asiyefika hukatiwa maji, kwa hiyo wote hufika. Mwenyekiti wa ndiva, Bibi Naelijwa, akatamka mbele ya watu: "Siku ya msaragambo mbwa atanusishwa kipande hiki, kisha apite katikati yenu. Na atakayewezesha muuaji huyu aonekane, ndiye atakayetamka adhabu yake. Mtu mmoja, neno moja, na likishatamkwa halirudi."

Wakangoja. Mtanikoma alikataa kuondoka kwenye majivu ya nyumba, na kwa heshima ya marehemu hakuna aliyemfukuza. Alilala juu ya mabua ya mahindi yaliyorundikwa pale kwa ajili ya ng'ombe. Mvua zikanyesha, mabua yakaota ukungu, naye akazidi kulala hapohapo, pua chini. Akaanza kupiga chafya. Pua ikatoa usaha, kisha damu. Wangemfukuza siku ya kwanza asingeugua, lakini nani angekuwa na moyo huo?

Jirani yao Senkoro, aliyewahi kugombana na marehemu juu ya zamu ya maji, akaja na ugoro wake. "Wanangu, mbwa huyu kalishwa sumu. Mpulizieni ugoro, apige chafya, itoke." Akampulizia mwenyewe, akampapasa kichwa. Mtanikoma hakunguruma hata kidogo, kwa sababu pua yake ilikuwa haisikii kitu tena.

Nanzia akaudaka mkono wa Senkoro. "Acha, baba. Sumu haichagui tundu moja." Damu ilitoka tundu la kushoto tu, na ukingo wa tundu hilo ulikuwa umepoteza weusi wake, umebaki mwekundu wa kupauka wenye vidonda. Alipomgusa juu ya pua, mbwa alilia. "Humu ndani kuna kitu kinaota," Nanzia akasema. Akamfunga kwa khanga, akambeba mgongoni hadi mjini kwa Mbazi. Kama si macho yake, Mtanikoma angepuliziwa ugoro mpaka afe.

Mbazi alimlaza kwa dawa ya usingizi, akaingiza kamera nyembamba puani. Akakuta ukungu, mweupe wa kijivujivu, umeng'ang'ania, na vifupa vya ndani vimeanza kuliwa. Akapiga picha ya eksirei kuona kama mfupa unaotenga pua na ubongo ungali mzima, maana ukiwa umetoboka dawa ingepenya kichwani imuue. Ulikuwa mzima. Akakwangua ukungu kidogo kidogo, akaziba nyuma ya pua na mbele, kisha akaijaza pua dawa ya kuua ukungu. Kama si mikono yake, macho ya Nanzia yangebaki kumtazama mbwa akioza.

"Dawa ikae saa nzima," Mbazi alisema, "na ifike kila pembe." Hapo Kiangi, aliyekuwa amewafuata mjini, akashika kazi. Alimgeuza mbwa ubavu, chali, ubavu wa pili, kifudifudi, bila kukiacha kichwa kitikisike. Mwishowe akakiinamisha ili dawa imwagike nje isiingie mapafuni. Waliporudi kijijini mbwa akagoma kula, kwa kuwa mbwa asiyenusa chakula hakitaki. Kiangi akawa anampashia supu ya utumbo na kumlisha kwa vidole, tena na tena. Yale mabua akayateketeza yote. Ukungu uliporudi wakarudia tiba, naye Kiangi akamgeuza mbwa upya bila kunung'unika. Kama si subira yake, kazi ya Mbazi ingekwenda bure.

Siku ya msaragambo ikafika. Mtanikoma akanusa kipande, akapita katikati ya majembe na miguu yenye tope. Alipomfikia Senkoro akasimama, manyoya ya shingo yakamsimama. Alimrukia mguuni, wakamshika kwa shida. Suruali ilipopandishwa, kovu la meno lilikuwa pale.

Senkoro akapiga magoti. "Ni hasira za maji tu, wanangu."

Hasira za maji! Na mkono uleule ulimpapasa mbwa kichwa! Laiti ningekuwepo na jembe langu.

"Neno ni la nani?" akauliza Bibi Naelijwa.

"Langu," akasema Nanzia. "Nyumba yake ichomwe, naye afungwe uani aitazame mpaka iishe."

"Langu," akasema Mbazi. "Apelekwe polisi, afie gerezani, asiione tena milima hii."

Kiangi akajitokeza mbele. "Ni langu mimi. Abaki hapahapa. Asipewe tone la maji wala salamu mpaka afe. Alitazame shamba lake likikauka."

"Bila mimi mngemuua kwa ugoro!" Nanzia akafoka.

"Dada, ungembeba umpeleke kwa nani?" Mbazi akamjibu.

"Na wewe kaka," Kiangi akadakia, "dawa yako ingefikishwa kila pembe na nani?"

Wakasogeleana, ngumi zimekunjwa. Bibi Naelijwa akawatenganisha kwa fimbo, akaapa kuwa lango la ndiva halifunguliwi mpaka neno lipate mwenyewe. Mahindi ya kijiji kizima yananyauka. Ng'ambo ya bwawa amesimama mke wa Senkoro, mtoto mgongoni, akimtazama mdomoni kila anayesema.

Haya, nyinyi mliokaa hapa, mbwa yuko mzima na muuaji yuko magotini. Mnampa nani neno? Semeni, lakini mjue kwamba mkishamtaja mtu, adhabu mmeichagua nyinyi.