Sanduku la Fisi na Gamba la Mzee Kobe

Hapo zamani za kale, zamani za wanyama wenye nyumba, mabaraza na mashine, Fisi alirudi kutoka safari ya mbali akisukuma sanduku. Mnyama akilala ndani yake, taa inawaka, sanduku linanguruma ngrrr, picha ya mifupa na matumbo yake inatokea ukutani, kisha sanduku lenyewe linatamka ugonjwa. Halina haja ya mganga wa kuisoma picha. Lina akili yake.

Jumbe Kiboko wa bondeni akanunua la kwanza. Jumbe Pofu wa mbugani kusikia hivyo, hakulala mpaka alipopata lake. Hakuna aliyeuliza linaponya nini. Kila jumbe aliuliza kama jirani yake analo. Fisi alizunguka mji kwa mji akisema soko linakua, na atakayechelewa atakufa kwa ugonjwa usio na jina. Jumbe Nyati wa Kilima Mawe aliweza kuvumilia kiu, njaa na kupe, lakini si kupitwa. Akatoa asali yote ya ghala la mji, sanduku likaja.

Pimbi alisimama kando akalitazama likishushwa. Huyu alikuwa mama mfupi, mwenye watoto wengi kuliko vitanda, na ulimi ambao wakubwa wa mji waliupitia mbali. Ilipofika zamu yake akalala ndani, ngrrr, sanduku likasema, "Si kawaida. Mkia umepotea."

Pimbi akaenda zake nyumbani akicheka. Hakuzaliwa na mkia, wala mama yake, wala mama wa mama yake.

Twiga naye akaambiwa shingo yake imevutika vibaya. Nungunungu akaambiwa amechomwa na miiba isiyo na idadi, atulie asije akaisukuma ndani. Jumbe Nyati mwenyewe alipotoka mle aliamuru majibu yake yasisomwe hadharani, lakini sanduku halikuwa na adabu za baraza. Mji mzima ulisikia: "Mifupa imeotea kichwani. Miwili."

Yote hayo Pimbi aliyachukulia kuwa mchezo, mpaka jioni Mzee Kobe alipofika mlangoni kwake.

Mzee Kobe ndiye aliyewalea watoto wa Pimbi kila mama yao alipotoka kutafuta riziki. Walimpanda mgongoni, wakateleza, wakampanda tena, naye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Siku ile alikuwa amekwenda kupimwa tumbo, lilikuwa linamsokota.

"Wamesema wataniondolea keshokutwa," akasema.

"Wakuondolee nini, mzee wangu?"

"Nyumba."

Sanduku lilikuwa limeona uvimbe mgumu uliofunika mwili wote, likasema ukatwe. Bahati nzuri, Fisi alikuwa na shemeji, Ngiri, mwenye msumeno. Na bahati nzuri zaidi, Fisi mwenyewe alijitolea kwamba Kobe akishakatwa atamchukua kwake amuuguze, asimsumbue mtu.

Pimbi akahisi manyoya yamemsimama. "Na wewe ukawaambiaje?"

"Niliwashukuru. Lile lina akili, Bi Pimbi. Mimi nina tumbo tu."

Kesho yake Pimbi akavaa uso wa heshima, akaenda kwa Fisi. Akamsifu, akamkunia sikio la majivuno, kisha akamwuliza akili ya sanduku imetoka wapi.

"Limefundishwa, bibie," Fisi akasema. "Tumelionyesha picha za miili yenye afya mpaka likazikariri."

"Miili ya nani, bwana?"

"Ya ukoo wetu. Babu zangu, shangazi zangu, mimi mwenyewe. Kwani wewe unaujua ukoo wenye afya kuliko wetu?"

Pimbi akasema haujui, akaaga, akatoka mbio purukushani.

Siku ya kukatwa Kobe ilikuwa pia siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya mji. Bwawa la mji lilikuwa limejaa tope na mvua zilikuwa karibu, kwa hiyo kila mtu alikuja na jembe. Kobe akalazwa juu ya jiwe bapa. Ngiri akawa ananoa msumeno, kwesh, kwesh. Fisi alikuwa amekuja na machela, mate yakimdondoka.

Pimbi akapanda juu ya kichuguu ili aonekane. "Jumbe, kabla ya kazi naomba kuuliza mila. Mgonjwa hushika jembe?"

"Hashiki," Jumbe akajibu. "Mgonjwa hukaa kivulini, mzima akamfanyia. Ndivyo tulivyoachiwa."

"Na sanduku letu husema uongo?"

Jumbe akamtazama Fisi, Fisi akatikisa kichwa kwa fahari. Haliwezi, akasema. Lina akili.

"Basi wenzangu wagonjwa," Pimbi akasema, "twendeni kivulini."

Akalaza jembe lake, pu. Twiga akafikiri kidogo, akalaza lake. Nungunungu akafuata. Pu, pu, pu, majembe yakaanguka, na hata Jumbe akajishika pembe, akaguna, akaenda kukaa. Ngiri naye akaweka msumeno chini, kwa sababu sanduku lilimkuta na meno yaliyopotea njia.

Katikati ya tope akabaki Fisi, mzima pekee wa Kilima Mawe.

Akacheka kwi-kwi-kwi. Alipoona hakuna anayecheka naye, akasema mgongo unamuuma, hata kiuno chake kila mtu anaona kimeshuka.

"Pole sana, bwana," Pimbi akasema. "Tusibahatishe, tukupime."

Ngrrr. "Mzima kabisa," sanduku likatangaza. "Hana kasoro."

Fisi akachimba. Chu, chu, chu. Wagonjwa wakaagiza maji, akateka. Wakaagiza uji, akapika. Jumbe akasema una mabonge. Jua lilipofika utosini bwawa lilikuwa bado tope tupu, na Fisi alikuwa ndani yake mpaka kifuani. Akalitupa jembe.

"Linakosea, jamani!"

"Linakosea kwa nani?" Pimbi akauliza kwa upole.

"Kwenu nyote. Linanijua mimi na ndugu zangu tu."

"Na gamba la Mzee Kobe?"

Fisi akatazama machela yake, akatazama tope. "Gamba ni lake," akasema kwa sauti ndogo. "Amezaliwa nalo."

Watoto wa Pimbi hawakungoja zaidi. Wakampanda Kobe pale pale juu ya jiwe, wakateleza.

Sanduku halikuvunjwa, Pimbi alikataa. Wakalifundisha upya: wenye pembe na wasio na mkia, wenye shingo na wenye miiba, wakilala mmoja mmoja mpaka likawazoea wote. Kisha Kobe akalala tena, ngrrr, likasema, "Gamba zuri. Tumboni mna kokwa la zambarau." Akanywa mafuta ya ubono ya kuendesha tumbo, na kesho yake tumbo likatulia.

Habari zikaenea, na miji mingine ilipotuma wajumbe kununua masanduku, hawakuuliza tena nani mwingine analo.

Wanangu, kabla hamjaliamini jicho linalowachungulia, ulizeni limezoea kumtazama nani.